Sharubu za Paka

Karakana yangu iko nyuma ya kiwanda cha soksi, Gyumri:
mawe nje, kompyuta ndani, jiko la kuni katikati.
Watu huniletea nyuso za marehemu wao.
Nazivua rangi, nazipitisha kwenye kichujio cha mkaa,
naongeza ukali, napunguza kijivu,
mpaka uso unabaki nukta tupu, nyeusi na nyeupe,
maana sindano ya almasi haijui la tatu:
gonga, au usigonge.

Bi Arshaluys alikuja Januari, theluji mabegani,
simu ameiviringisha kwenye leso kama yai.
"Ni hii tu," akasema. "Nyingine zilikwenda na tetemeko,
na baada ya hapo hakukubali tena kupigwa.
Alisema picha ni za pasipoti na za mahabusu."

Nikafungua.
Hamazasp, fundi wa breki za treni, miaka sabini na minne,
masikio ya paka yamemchipuka kichwani,
pua ya waridi, sharubu tatu kila shavu,
nyota za bandia zinamwagikia fulana yake.
Mjukuu, Nvard, alimvizia na simu wakati wa chai.
Na mzee anacheka,
anacheka hadi jino la dhahabu liko nje kama mgeni mlangoni.

Mimi nilijizuia.
Aliyecheka ni mjane, kisha akakoma ghafla
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
"Yaondoe," akasema.

Watu hudhani madoido ni vumbi juu ya kioo:
unapangusa, na uso uko chini unakungoja.
Hakuna chini.
Picha ilipohifadhiwa, paka alikula kila alipogusa.
Paji halipo. Ncha ya pua haipo.
Nyuma ya masikio hakuna nywele zilizojificha.

Siku tatu nilikuwa nikimfinyanga paji.
Nikaazima ngozi ya shingo, kivuli cha kidevu.
Nikamtia mikunjo ya mtu mwenye mawazo; nikatendua.
Mikunjo ya mtu mwenye madeni; nikatendua.
Pua nilimwazima nduguye, Vagharsh,
aliyekaa kwenye kigoda, kofia magotini,
akiniuliza kila mara kama itauma.

Nikajaribu rangi za maji: akawa shangazi wa mtu.
Rangi za mafuta: akawa jenerali.
Kitufe cha kulainisha kikamrudisha nyuma miaka thelathini,
kwenye mwaka ambao, mkewe alinidokeza baadaye,
walikuwa hawasemezani.
Ni mkaa tu uliomkubali.

Bi Arshaluys alipokuja kutazama, alivaa miwani,
akakaa kimya hadi kuni zikahitaji kuongezwa.
"Ni yeye," akasema.
"Lakini hapa anacheka nini?"

Nikakosa la kusema.
Kicheko nilikiacha. Sababu yake nimeifuta.

Basi nikarudisha tabaka moja. Si masikio. Si pua.
Sharubu peke yake, tena hafifu, asilimia kumi na tano,
kiasi kwamba padri akipita
atadhani jiwe lilikwaruzwa garini.
Mjane akasogeza kidole mpaka karibu na skrini,
hakuigusa.
"Hapo," akasema. "Usiendelee."

Mashine iligonga usiku kucha, tik tik tik,
kope, kola, jino (jino la dhahabu mkaani ni jeupe tu,
sina dawa ya hilo).
Ilipofika kwenye mashavu nikaizima.
Zile sita nilizichora kwa mkono wangu,
na pumzi nimezibana.

Aprili, tope likiwa bado zito, walilisimamisha jiwe.
Nvard alichuchumaa mbele yake na koti lake la kijani,
akapitisha kidole, shavu hili, shavu lile,
midomo ikihesabu.
Kisha akanigeukia mimi, si bibi yake,
na uso wa mteja aliyepunjwa:
"Masikio umeyasahau."